Nilivyoisifia Kanda ya Bani Tatu

Jumamosi iliyopita Mama Leokadia alichinja kuku wawili, akawaita majirani wa vibanda vya pembeni, akatangaza kwamba nimestaafu. Watu walicheka. Nina miaka thelathini na moja na sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kurekodi kanda ndiyo kazi pekee niliyoifanya tangu nitoke chuo kikuu, na Jumatatu ijayo naanza kufundisha sekondari, jambo ambalo mama yangu amelisubiri kwa novena. Basi sina neno bora kuliko lake. Nimestaafu.

Haya nawaandikia nyie wawili mnaokalia kiti changu, Editha na Zabroni. Habari za mshahara na vyeo hazitawafaa; kibanda kina watu watatu, na kupandishwa cheo ni kutoka kwenye stuli kwenda kwenye kiti. Nataka kuwaeleza ile sehemu ya kazi ambayo haikuandikwa kwenye kibao cha mlangoni: kumpa msikilizaji albamu ambayo hakuiomba, na ambayo hakuna anayeizungumzia. Nataka pia mjue kutoka kwangu, si kwa majirani, kile nilichoitendea kanda moja.

Siku yangu ya kwanza niliharibu kanda mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kibanda kilikuwa palepale mnapokijua, jirani na stesheni, kikiuza betri, tochi na miswaki. Mume wa Mama Leokadia alikuwa amerudi kutoka Dar na deki mbili za kurekodia kanda, akazikabidhi, akaondoka tena. Nilibonyeza vitufe viwili pale ilipotakiwa kimoja, na kwaya ya parokia ikafutika katikati ya Haleluya.

"Hivi huko chuo mlikuwa mnabonyeza nini?" Mama Leokadia aliniuliza, bila hasira, kama anayetaka kujua kweli.

Nilijifunza. Asubuhi safisha hedi, kile kichwa cha deki kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti kabla ya jambo lolote, maana vumbi la Mpanda haliombi ruhusa. Kanda ya dakika tisini ni nyembamba, deki huila; mshauri mteja achukue ya sitini. Kalamu ya wino yenye pembe sita inakaza utepe kuliko kidole. Jioni, jenereta ya mji ikizidiwa, mota ya deki inayopiga hulegea, na kijana anayefoka hip-hop hugeuka mzee anayeungama. Tulirekodi hivyohivyo, kanda zikaenda vijijini. Nina hakika wako watu kijijini Mamba wanaoamini kwamba Marekani kuna mwanamuziki mwenye sauti ya fahali. Siku wakimsikia halisi watasema anaumwa.

Kanda za hip-hop zililetwa na mhudumu mmoja wa behewa. Zilikuwa nakala za nakala. Jalada lilikuwa fotokopi ya fotokopi, majina hayasomeki, kwa hiyo tulizitaja kwa picha iliyosalia: Ngazi, Kofia Mbili, Mbwa. Vijana walitaka zile tatu nne zinazopigwa redioni. Zilizobaki, za andagraundi, zililala chini ya meza kwenye boksi la sabuni, na mimi ndiye niliyezitoa.

Nilizitoa kwa sababu sikukubali. Mimi ni mtu wa kuuliza. Kwa nini mji mzima upende albamu moja, ati kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kushuka kwenye treni? Nikasikiliza boksi zima na daftari mkononi, nikakuta mle ndani mambo ambayo redio haikuwa nayo. Nikaandika karatasi za maelezo, moja kwa kila albamu: wanasema nini, Kiingereza chao kina maana gani, wamechukua mapigo yao wapi, kwa nini ni bora kuliko wale mnaowajua. Ngazi peke yake niliiandikia kurasa mbili. Wateja walizisoma kwa heshima, wakanirudishia, wakaomba zilezile za redioni. Muuza kashata wa jirani alizipenda karatasi hizo kuliko wote. Zilikuwa nzito, hazipitishi mafuta.

Mwaka wangu wa pili Mama Leokadia alimwajiri Nestori. Mnamfahamu kama bosi wenu mpya, lakini wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, aliyeishia darasa la saba, fundi wa redio, mwenye Kifaransa kidogo alichorithi kwa baba yake. Alikuja na bisibisi tatu mfukoni na tabia ya kukaa kimya mtu anapoongea. Nilimwonyesha kazi. Nilimwonyesha pia boksi langu, na karatasi zangu. Alizisoma zote siku nzima ya Jumapili, Jumatatu akanirudishia zikiwa zimepangwa vizuri.

"Umeandika sana, Profesa," alisema.

Sikujua kama ni sifa. Mpaka leo sijui.

Wiki hiyohiyo aliingia fundi Masanja, Msukuma mshona nguo wa barabara ya soko, akitaka betri. Nilimjua fundi Masanja. Nilikuwa nimejaribu kumpa Ngazi mara tatu, nikimweleza habari za utumwa na miji ya Marekani, na mara tatu alisema atakuja kesho. Nestori hakumweleza chochote.

"Fundi, cherehani yako ya mguu?"

"Ya mguu."

"Ukiwa umechangamka, mguu unakwendaje?"

Fundi Masanja alicheka, akapiga kisigino chini: ta-ta, ta-ta, ta-ta. Nestori akamsikiliza kama daktari, akainama, akatoa Ngazi.

"Upande wa pili. Usianze wa kwanza."

"Ni wimbo wa nani huu?"

"Sijui. Jalada limefutika."

Fundi alichukua. Alhamisi alirudi na fundi mwenzake, na mwenzake alitaka "ile ya mguu". Kufikia mwisho wa mwezi ukipita barabara ya soko ulisikia Ngazi upande wa pili kutoka cherehani hadi cherehani. Albamu yangu, niliyoifukua mimi na kuiandikia kurasa mbili, ilikuwa imependwa, na hakuna aliyejua kwamba nimewahi kuigusa.

Mtu atasema ningefurahi. Niliyajua maneno hayo, hata niliwahi kujiambia. Lakini nilipolala niliuona uso wa fundi Masanja akigonga kisigino, na nikajiuliza kwa nini mimi sikumuuliza swali rahisi namna ile. Wivu wangu ulianza hapo. Sikuonea wivu kupendwa kwake. Nilionea wivu lile swali.

Kwa kuwa nimesoma, niliamua kwamba huo si wivu, ni shaka ya kitaalamu. Nilijiambia wateja hawasikii chochote. Wanafuata mkono wa Nestori. Dhana hupimwa. Fundi Masanja aliporudi kutaka nyingine, Nestori alimchagulia Kofia Mbili, akaandika lebo ya kasha kwa mkono wake na kuiacha mezani aje kuichukua jioni. Alipokwenda kunywa chai, niliitoa kanda ile na kuweka Mbwa ndani ya kasha lilelile. Kama fundi angeipenda, ningekuwa nimeshinda.

Siku ya pili fundi alikuwa mlangoni.

"Nesto! Hii ulionipa siyo. Nimeshona suruali ya mwalimu mkuu, mguu mmoja mrefu. Sasa ananiulizaga kama namwonaga kilema."

Nestori alifungua kasha, akaitazama kanda. Mwandiko wa kwenye kanda yenyewe ulikuwa wangu.

"Samahani fundi, nimechanganya mimi," alisema, akampa Kofia Mbili.

Hakunitazama. Ningependa angenitukana. Niliinamia deki, nikaanza kusafisha hedi iliyokuwa safi.

Baada ya hapo nilimtazama kazini kama mwanafunzi na kama mwizi. Mambo aliyofanya nitawaeleza, kwa sababu yanafaa na kwa sababu yeye mwenyewe hatawaambia. Wachambuzi wa tumbaku, wale akina mama wanaokaa siku nzima wakipanga majani kwa rangi, aliwapa albamu zenye maneno mengi na mapigo madogo. Alisema mikono yao tayari ina mapigo. Kijana wa ng'ombe kutoka Kasokola aliyetaka "kelele ya kutosha" alimpa kanda tulivu kuliko zote, akamwambia kelele ataikuta kwa ng'ombe. Kijana alirudi akiomba mbili. Mtu mwenye msiba hakumpa kitu, alimuuzia betri tu. Na hakusifia. Hata siku moja sikumsikia akisema albamu fulani ni kali.

Nilimuuliza sababu.

"Profesa, ukimwambia mgeni chakula ni kitamu sana, anaanza kutafuta mchanga," alisema. "Mwekee tu. Akishiba ataongea mwenyewe."

Wateja walianza kuchungulia mlangoni: "Nesto yupo?" Wakiambiwa hayupo, walinitazama kwa huruma na kusema watapita baadaye. Waliniachia wale wa kutaka miswaki. Kitu kingine kiliniuma zaidi, nacho nilimficha kila mtu. Nestori alikuwa amempa kila mtu mjini albamu yake. Alimpa Mama Leokadia moja, mama wa kwaya, naye akawa anaiweka akihesabu miswaki. Mimi hakunipa. Nilikaa naye meza moja na hakuwahi hata siku moja kusema, kaka, hii ni ya kwako.

Halafu ikaja Bani Tatu.

Bani, kwa yeyote atakayesoma haya akiwa mbali na tumbaku, ni kile kibanda cha udongo cha kukaushia majani kwa moto. Nestori aligundua kwamba bani tupu, kuta zake nene za udongo na masizi, inameza mwangwi kuliko chumba chochote. Alibeba deki moja ya Mama Leokadia kwa baiskeli hadi Katumba, kwa ruhusa, akaweka kipaza sauti katikati ya bani ya tatu, ile iliyoipa kanda jina, akawarekodi vijana watatu: ndugu wawili, Amosi na Yohana, na Spesioza, dada yake mwenyewe. Ndugu walifoka Kiswahili. Spesioza alifoka Kiswahili akaingiza Kirundi pale maneno yalipokuwa mazito. Nyimbo tisa. Mapigo yalikuwa kijiti juu ya debe, pampu ya baiskeli na kifua cha Yohana.

Nilisikiliza upande wa kwanza nikiwa nimesimama. Sikufungua daftari. Spesioza alikuwa na wimbo kuhusu kuulizwa kwenu wapi, na jibu lake lilikuwa ni kutaja kazi zote alizofanya tangu alfajiri, moja baada ya nyingine, bila kupandisha sauti, hadi anayeuliza anaona aibu mwenyewe. Nilitoka chuo na karatasi nyingi juu ya mambo hayo. Yeye alimaliza kwa dakika nne.

"Unaonaje?" Nestori aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza hivyo.

"Sauti ya chini imezidi kidogo," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. "Baba ametupa msimu huu mmoja," alisema. "Kama mpaka mwisho wa masoko ya tumbaku haijasikika mahali, Spesioza anakwenda Kasulu kwa shangazi, dukani. Mzee amechoka kulisha wanaoimba. Nataka Dar waisikie. Dar wakiisikia, mzee atanyamaza."

Alitengeneza nakala chache, akaniachia moja kwenye droo ya meza. Wiki ya ukaushaji ilipofika alikwenda Katumba kusaidia kuchochea moto, maana moto wa bani hauachwi.

Ndipo akaingia Bwana Fadhili. Alikuwa mtu wa makamo, shati limekunjamana kwa safari, redio ndogo ya kaseti, ya kusikilizia masikioni, ikining'inia kiunoni. Treni ilikuwa imechelewa na hakuwa na la kufanya. Alinunua betri, akaziweka, akaona boksi langu.

"Kumbe Mpanda mna mambo! Mimi nina kipindi redioni Dar, saa nzima kila Jumamosi. Nimezunguka mikoa mitatu natafuta kitu ambacho mjini hawajakisikia. Wewe ungenipa nini, kaka?"

Swali lile nilikuwa nimelisubiri tangu chuo. Na jibu nililijua papo hapo. Lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Nilijua pia namna ya kumpa. Nestori angeuliza mgongo unaendeleaje baada ya safari ile. Angebonyeza kitufe, Spesioza aanze, kisha angetoka nje kumwaga maji machafu. Mimi nikaitoa kanda, nikaishika juu.

"Kaka, kaa chini kwanza," nilisema. "Kitu kama hiki hujawahi kukisikia. Afrika Mashariki yote hakuna. Hao Wamarekani hawafikii hapa hata robo."

Bwana Fadhili akatabasamu. "Kila stesheni naambiwa hivyo."

"Hapana, hii ni nyingine kabisa. Kuna binti humu, ukimsikia utalia. Nakuhakikishia, dakika tatu hazifiki utalia. Ni wakulima tu, hawana elimu, wamerekodi ndani ya bani. Ukiona sauti ya chini imezidi, usijali, ndivyo walivyo. Wavumilie nyimbo mbili za kwanza."

Niliendelea. Nilikuwa na ufasaha siku ile kuliko siku zote. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, au karibu na kweli, na kila moja niliiweka kama mtu anayeweka jiwe juu ya kifuniko. Kama mtu angesimama mlangoni angesema, tazama Profesa anavyompigania mwenzake.

Alivaa vile vya masikioni, akasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza. Nilimtazama uso. Alikuwa anatafuta mchanga.

"Wanajitahidi," alisema, akinirudishia. "Kweli sauti ya chini imezidi. Waambie wasikate tamaa."

Treni ilipiga honi, akaondoka na betri zake.

Nestori aliporudi, macho mekundu kwa moshi, majirani walikuwa wamekwisha kumwambia. Muuza kashata alikuwa amesikia kila kitu na alinimwagia sifa: "Huyu mwenzako anakupenda, Nesto! Alivyokutetea kwa yule wa redio, mimi mwenyewe nikataka kununua, na mashine sina!"

Nestori aliweka begi chini. "Ulimwambiaje?"

"Nilimsifia sana," nilisema. "Sana. Hakuelewa."

Kisha akachukua pamba na spiriti, akaanza kazi. Siku ile, na miezi iliyofuata, alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, akanigawia mihogo yake, akaniuliza hali ya mama. Neno la muziki hakuniambia tena. Masoko ya tumbaku yakaisha. Spesioza alipita kibandani na sanduku lake kabla ya kupanda gari la Kasulu, akanishukuru kwa yote niliyojaribu, kwa kuwa muuza kashata alikuwa amemfikishia na yeye ile habari. Nilimpa mkono.

Mtu wa kuuliza hujiuliza: je, Bwana Fadhili angeichukua kama ningenyamaza? Huenda hakuwa na masikio. Huenda wakubwa wake wangeikataa. Nimelirudia swali hilo mara nyingi kwa kuwa linanipunguzia uzito, lakini nikilisukuma hadi mwisho nakuta silijui jibu, na sababu ya kutolijua ni mimi.

Jumamosi iliyopita, majirani walipomaliza kuku na kuondoka, nilimwambia Nestori yote. Nilianza na kasha la Kofia Mbili. Nikamwambia kwamba nilijua ninachofanya, kila neno, na kwamba nilikitumia alichonifundisha yeye. Alikuwa anakaza skrubu ya deki. Hakuacha.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu useme sana. Wewe ukipenda kitu unaandikaga. Ile hukuiandikia hata mstari."

Likanitoka lile nililolificha miaka yote. "Kila mtu mjini umempa albamu yake," nilisema. "Mimi hujawahi kunipa. Kwa nini?"

Hapo aliweka bisibisi chini. Alifikiri kweli, kwa namna ile anayofikiri mtu akimgongea kisigino.

"Wewe sikuwahi kukuona unasikiliza, kaka. Nakuonaga unakagua. Sasa mtu anayekagua utampa nini?" Akafungua droo, akatoa nakala ya Bani Tatu, akanisukumia mezani. "Chukua hii. Hii moja uliisikia. Ungekuwa hujaisikia, usingejua pa kuikaba."

Nikaitia mfukoni. Mama mmoja aliingia akitaka betri mbili za redio, unga umemshika mpaka kwenye viwiko. Nestori alimpa betri, akamuuliza kama mandazi yake huyakanda kwa ngumi au kwa kiganja. Mama akacheka, akauliza hilo linamhusu nini, kisha akaanza kumwonyesha, mikono yote miwili juu ya meza yetu.

Nilikuwa nimekwisha kuaga. Nikasimama mlangoni na begi langu, nikizuia njia, nikitaka kujua atampa ipi.